Piña colada: sukari haiko unakodhani

Piña colada ni kinywaji cha Puerto Rico, na tangu 1978 ndicho kinywaji rasmi cha kisiwa hicho. Ramu nyeupe, juisi ya nanasi, nazi na barafu, vyote vinapigwa kwenye blenda mpaka vishikane. Kwa sababu kina matunda na kina pombe, kila mtu ana lake la kusema kuhusu kinachonenepesha na kinachojenga mwili humo ndani. Mengi ya maneno hayo yanamshika asiye na kosa.

"Ramu inatokana na miwa, kwa hiyo ndiyo yenye sukari."

Inatokana na miwa kweli, hasa molasi, ile shira nyeusi inayobaki sukari ikishatengenezwa. Ila hamira hula sukari hiyo na kuigeuza kuwa kileo, kisha kileo hupandishwa kwa mvuke na kukusanywa upande wa pili. Sukari haipandi na mvuke, inabaki chini. Ramu inapotoka mtamboni haina sukari. Ziko zinazotiwa sukari baadaye, na hata hapo kanuni za Umoja wa Ulaya haziruhusu zaidi ya gramu 20 kwa lita, yaani gramu 1 tu katika kipimo cha mililita 50.

Kukosa sukari, hata hivyo, si kukosa kalori. Gramu moja ya kileo ina kalori 7, wakati ya sukari ina 4. Kipimo hichohicho cha mililita 50, kwa ramu ya asilimia 40, kina takriban gramu 16 za kileo na kalori kama 110.

"Nazi ni nazi, chakula cha asili."

Hapa ndipo penye kesi yenyewe. Tui la nazi ulilokamua mwenyewe ni kitu kimoja, na krimu ya nazi ya kopo inayotumika baa ni kitu kingine kabisa. Tui lina mafuta mengi na sukari kidogo mno, kama gramu 3 katika kila gramu 100. Krimu ya kokteli ni tui lililopikwa na sukari: karibu nusu ya uzito wake ni sukari. Imimine kwenye kijiko uone inavyoteremka polepole kama shira. Maji ya dafu, ambayo watu huyataja wanapotetea nazi, hayamo kabisa.

Tupige hesabu ya glasi moja. Ramu mililita 50: sukari hakuna, kalori 110. Juisi ya nanasi mililita 100: sukari gramu 10, kalori zaidi kidogo ya 50. Krimu ya nazi vijiko vikubwa vitatu: sukari kama gramu 29, kalori 200. Jumla inafika kalori 360 na sukari karibu gramu 40, sawa na vijiko kumi vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya juisi, isizidi takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima anayetumia kalori 2,000, na ikiwezekana iishie 25. Asilimia zaidi ya 70 ya sukari ya glasi yetu imetoka kwenye krimu, na bado watu wanalitazama nanasi kwa jicho baya.

Mafuta ya krimu nayo, mengi ni ya aina iliyomo kwenye siagi, yale yanayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya.

"Nimeona kwenye jedwali: kalori 245."

Takwimu hiyo ipo, ya Idara ya Kilimo ya Marekani, ila ni ya glasi ya gramu 141. Bilauri ndefu ya mapambo hubeba mara mbili au tatu ya hapo, ingawa sehemu kubwa huwa barafu. Tena angalia mafuta: jedwali linasema hayafiki gramu 3. Vijiko vyetu vitatu vya krimu peke yake vina kama 9. Maana yake waliyoipima ilikuwa na nazi kidogo. Ukitaka kujua unakunywa nini, muulize anayechanganya ametia krimu kiasi gani. Swali moja hilo linashinda jedwali zima.

"Haijakolea sana, sukari haiwezi kuwa nyingi."

Ulimi uliopoa hauonji utamu sawasawa. Iache glasi mezani barafu iyeyuke, kisha onja kilichobaki. Kimezidi kuwa majimaji, na bado utakiona kitamu zaidi kuliko mwanzo.

"Angalau napata vitamini C na kile kimeng'enya cha nanasi."

Kidogo. Nanasi bivu lisilopikwa lina takriban miligramu 48 za vitamini C kwa gramu 100. Juisi ya kopo isiyoongezewa ina kama 10. Kimeng'enya chenyewe, bromelaini, huharibiwa na moto, na juisi ya kopo imeshapitia moto. Nyuzinyuzi zimebaki kiwandani.

"Isiyo na pombe haina neno, hata mtoto anywe."

Ukiondoa ramu unapunguza zile kalori 110 na madhara ya kileo, na hilo si jambo dogo. Sukari inabaki vilevile, na mara nyingi inaongezeka, kwa kuwa nafasi ya ramu hujazwa juisi. Kwa mwenye kisukari hali ni ya ajabu kidogo: yenye pombe inaweza kupandisha sukari ya damu kwanza, kisha saa kadhaa baadaye ikashuka kupita kiasi, hasa kwa anayetumia insulini, kwa sababu ini likishughulika na kileo hupunguza kutengeneza glukosi.

Anayetaka kupunguza sukari aanzie kwenye krimu. Vijiko vitatu vya tui zito lisilo na sukari vina sukari isiyofika gramu 2 na kalori kama 100, ingawa mafuta hayapungui. Nanasi bivu lililogandishwa likichukua nafasi ya juisi na sehemu ya barafu, kinywaji kinabaki kizito na nyuzinyuzi zinarudi. Tofauti itaonekana kwenye glasi: kopo huwa limetiwa viungo vya kushikanisha mafuta na maji, tui halina, kwa hiyo kikikaa kidogo mafuta hujitenga na kupanda juu. Kikoroge tena.