Maji ya bromini yakipoteza rangi, je, ni etheni kweli?

Gesi ikipita kwenye maji ya bromini na rangi ya chungwa ikatoweka, wengi huandika papo hapo: alkeni (hidrokaboni yenye bondi maradufu kati ya kaboni, kama etheni) ipo. Kama etheni hiyo imetengenezwa kwa ethanoli na asidi ya salfuriki, mimi siukubali ushahidi huo mpaka nijue gesi imesafishwa vipi.

Tia ethanoli sm³ 20 kwenye chupa, kisha mimina asidi kali ya salfuriki sm³ 40, kidogo kidogo, huku ukitikisa na kuipoza chupa kwa maji baridi kwa nje. Ongeza mchanga mkavu ili kupunguza povu. Pasha moto haraka hadi nyuzi 170–180 za Selsiasi, balbu ya kipimajoto ikiwa imezama kwenye mchanganyiko. Ukikawia karibu na nyuzi 140 utapata zaidi etha, na mvuke wake hudaka moto upesi mno.

Kazi ya asidi ni kuondoa maji:

C₂H₅OH → C₂H₄ + H₂O

Lakini asidi hiyohiyo huoksidisha sehemu ya ethanoli. Ndiyo maana mchanganyiko huwa mweusi kwa kaboni, na salfa dioksidi hutoka pamoja na etheni. Hapo ndipo jaribio linapodanganya, kwani salfa dioksidi nayo huondoa rangi ya bromini:

SO₂ + Br₂ + 2H₂O → H₂SO₄ + 2HBr

Hata pamanganeti ya potasiamu haikuokoi, maana nayo hupoteza rangi vilevile. Pitisha gesi kwanza kwenye myeyusho wa hidroksidi ya sodiamu. Humo salfa dioksidi na kaboni dioksidi hunaswa, etheni ikapita.

Sasa rangi ikitoweka, ni bondi maradufu iliyofunguka. Elektroni zake huvuta atomi moja ya bromini, kisha molekuli ya maji, ambayo imejaa pale, huwahi nafasi ya pili. Kwa hiyo zao kuu ni 2-bromoethanoli. 1,2-dibromoethani, inayoandikwa sana madaftarini, hutawala pale bromini inapoyeyushwa kwenye kiyeyushi kisicho na maji. Alkeni haihitaji mwanga kwa mmenyuko huu. Alkani, yaani hidrokaboni zenye bondi moja moja tu, huuhitaji, na hutoa hidrojeni bromidi.

Ukimaliza, toa majini mrija unaopitisha gesi kabla ya kuzima moto. Chupa ikipoa mrija ukiwa bado umezama, maji hufyonzwa hadi kwenye asidi ya moto, na chupa inaweza kupasuka.