"Ni mafua tu" na maneno mengine ya hosteli

Kipupwe kikiingia huku Mtwara hosteli nzima inakohoa na kila mtu ana maelezo yake, na linalopendwa kuliko yote ni salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho. "Aah hii sio flu bana, ni salfa ya mikorosho." Sawa, kupulizia mikorosho kunaangukia miezi hiyohiyo, na ukipita Nanyamba au Tandahimba koo linawasha na macho yanatoa machozi kweli. Ila salfa haikupi homa ya ghafla mchana wakati asubuhi ulikuwa mzima, haikuvunji mwili kama umeshinda unabeba magunia ya korosho, na wala haimwambukizi rumeti wako. Ukitoka kwenye vumbi lake unapata nafuu, flu inakulaza kitandani hata wiki.

Kuna wale wa kila homa ni malaria. Siwalaumu sana, kusini kwetu malaria bado ipo ya kutosha, lakini mtu anaenda duka la dawa ananunua mseto bila kutoboa kidole! Halafu wapo wa upande wa pili, anajiambia ni flu tu, anakaa geto na tangawizi na ndimu siku nne kumbe malaria inapanda. Mwanzoni zinafanana mno, homa, kichwa, viungo, kutetemeka, hata daktari hawezi kuzitofautisha kwa kukuangalia usoni. Kipimo cha haraka kinatoa majibu ndani ya nusu saa, pima kwanza ndo ubishane.

Antibayotiki kama azuma na vidonge vya rangi mbili navyo vinaliwa kama karanga. Flu ni kirusi, antibayotiki haziui kirusi, full stop. Ukipata nimonia ya bakteria juu ya flu hapo daktari atakuandikia, nje ya hapo unajimalizia hela ya boom, yaani ya mkopo wa chuo, tu. Parasetamo, maji mengi, kulala. Dawa ya kirusi chenyewe ipo, inaitwa oseltamivia, inafanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, na ni daktari anaamua nani anaihitaji.

Nyungu je? Mvuke unafungua pua, raha unaipata, ila kirusi hakifi. Na mnavyofanya nyie sasa, watatu chini ya blanketi moja na sufuria moja, mmoja wenu anakohoa humohumo... jamani. Kama kuna njia nzuri zaidi ya kugawana flu mimi siijui.

Tuje kwenye chanjo ya flu maana huko ndo maneno mengi. "Ukichoma inakupa flu yenyewe." Chanjo ya sindano haina kirusi hai, haiwezi kukupa flu. Mkono utauma, unaweza kuwa na kahoma siku moja mbili, basi. Inachukua kama wiki mbili kinga kujijenga, so ukiambukizwa katikati hapo utaumwa na utailaumu sindano. Eti inaua kizazi, hilo nalo lipo, wakati Shirika la Afya Duniani linawataja wajawazito miongoni mwa wanaotakiwa kupewa kipaumbele, na chanjo hii inatumika tangu miaka ya 1940.

Ukweli mwingine ambao watu wa chanjo huwa wanauficha kidogo: haikingi asilimia 100. Miaka ambayo imeendana vizuri na virusi vinavyozunguka, inapunguza uwezekano wa kuugua kwa kama asilimia 40 mpaka 60. Kirusi kinabadilika badilika, ndo maana inachomwa kila mwaka. Kwetu haimo kwenye chanjo za kawaida za kliniki ya watoto, kwa hiyo usitegemee kuikuta zahanati yoyote, piga simu hospitali uulize kama wanayo na bei. Mwenye pumu, selimundu, kisukari, VVU au mimba aulize wa kwanza, na hao wote tunasoma nao, wengine hawasemi tu.

Maana hiyo flu mnayoiita "ni mafua tu" inaua watu kati ya 290,000 na 650,000 duniani kwa mwaka. Na mtu anaanza kuambukiza siku moja kabla hajajisikia vibaya, anaendelea siku tano mpaka saba. Sasa piga picha diskasheni ya watu nane chumba kimoja, madirisha ya luva yamefungwa sababu ya upepo wa kusi, kikombe kimoja cha chai kinazunguka. Fungueni luva. Kila mtu na kikombe chake. Ukiumwa mtumie CR (kiongozi wa darasa) meseji, notsi utapigiwa picha, na kama lazima uingie kwenye test vaa barakoa ukae pembeni.

Ila ukianza kubanwa pumzi, kifua kinauma, unachanganyikiwa, au homa iliyokuwa imeisha inarudi kwa nguvu, acha tangawizi, chukua bajaji nenda hospitali ya Ligula usiku huohuo.