Utunzi wa binadamu: kazi ya akili mnemba ni ya nani?

Mtu anaandika sentensi mbili, anabofya, na sekunde chache baadaye anapata picha ambayo mchoraji angeikalia wiki nzima. Picha ni mpya, ni nzuri, haijawahi kuonekana popote. Ni ya nani? Wengi hujibu papo hapo: ya aliyeiagiza. Sheria za nchi nyingi hazifiki huko upesi hivyo, kwa sababu ya sharti moja la hakimiliki: utunzi wa binadamu.

Hakimiliki hailindi kitu kwa uzuri wake, wala kwa jasho lililomwagika. Hili la jasho huwashangaza watu. Mwaka 1991, katika kesi ya Feist, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kulinda orodha ya majina katika kitabu cha simu, ingawa kampuni iliyokitoa ilikuwa imejitaabisha kukusanya majina na namba zote hizo. Kupanga majina kwa alfabeti hakuna ubunifu ndani yake. Kinacholindwa ni maamuzi ya mtunzi: neno hili na si lile, rangi hii, mpangilio huu.

Swali la mashine nalo si geni. Mpiga picha Napoleon Sarony alimpiga mwandishi Oscar Wilde picha, kampuni nyingine ikazinakili na kuziuza, kisha ikajitetea kwamba picha ni zao la kamera tu, haina mtunzi. Mwaka 1884 mahakama hiyohiyo ya Marekani ilitazama Sarony alifanya nini kabla kamera haijafanya kazi yake. Alimweka Wilde katika mkao alioutaka, akachagua mavazi na mapazia, akapanga mwanga na kivuli, akamfanya awe na sura fulani usoni. Sarony akashinda, kwa kuwa picha ilikuwa imeanzia kichwani mwake.

Basi si tuseme akili mnemba ni kamera ya leo? Hoja hiyo ina uzito, lakini tazama kinachotokea. Ukiandika “simba amelala chini ya mti wakati wa machweo”, hujaamua simba anaelekea wapi, mti una matawi ya namna gani, wala mwanga unamwangukia sehemu gani ya mwili. Yote hayo yamejazwa na programu. Rudia maelekezo yaleyale, neno kwa neno, na mara nyingi utapewa simba mwingine kabisa. Ndiyo maana Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilisema katika ripoti yake ya Januari 2025 kwamba maelekezo peke yake, kwa jinsi teknolojia ilivyo sasa, hayampi mtumiaji udhibiti wa kutosha kuitwa mtunzi. Miaka miwili kabla ilikuwa imekwisha kuugawa usajili wa kitabu cha katuni kiitwacho Zarya of the Dawn: maandishi na mpangilio wa kurasa vikapata ulinzi, picha mojamoja zilizotoka Midjourney, programu ya kuzalisha picha kwa akili mnemba, zikanyimwa.

China iliamua kwa mwelekeo mwingine. Novemba 2023 Mahakama ya Intaneti ya Beijing ilimpa haki mtu aliyetengeneza picha ya msichana kwa Stable Diffusion, programu nyingine ya aina hiyo. Alikuwa ameandika maelekezo mengi, ya kutaka na ya kukataza, kisha akabadilisha vipimo hatua kwa hatua mpaka akaridhika. Kwa majaji wale, hayo yalikuwa maamuzi yake. Uingereza nayo ina kifungu cha tangu 1988 kinachosema kwamba mtunzi wa kazi iliyozalishwa na kompyuta ni yule aliyefanya maandalizi ya lazima ili kazi hiyo ipatikane.

Mashine yenyewe kutajwa kuwa mtunzi au mvumbuzi ndilo jambo lililogonga mwamba. Stephen Thaler wa Marekani aliomba hakimiliki akiitaja mashine yake kuwa mtunzi. Mahakama ya rufaa ikamkatalia Machi 2025. Upande wa hataza, yaani haki ya kulinda uvumbuzi, aliitaja mashine nyingine, DABUS, kuwa mvumbuzi. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema Desemba 2023 kwamba mvumbuzi lazima awe mtu. Afrika Kusini ilimpa hataza mwaka 2021, ila ofisi yake haichunguzi kwa kina kiini cha maombi kabla ya kuyapitisha.

Mimi naliunga mkono sharti hili la binadamu. Haki hizi zilibuniwa ili mtu apate moyo wa kutunga na kuvumbua, na kompyuta haihitaji kutiwa moyo. Tukiliondoa, mwenye mitambo mikubwa atazalisha mamilioni ya tuni kwa usiku mmoja na kuzidai zote, na mwanamuziki atakayekuja kutunga kesho atajikuta anashtakiwa kwa wimbo ambao hakuna mtu aliyewahi kuusikia.

Sharti hilo lina gharama, hasa kwa biashara changa. Nembo iliyotoka moja kwa moja kwenye programu huenda isiwe na hakimiliki kabisa, kwa hiyo huwezi kuitumia hakimiliki kumzuia anayeinakili. Hata hivyo inaweza kusajiliwa kuwa alama ya biashara, maana alama hiyo hulindwa kwa kumwonyesha mteja bidhaa imetoka kwa nani, haiulizi nani aliichora.

Anayetumia akili mnemba katika kazi yake ahifadhi rasimu: mchoro wa mwanzo wa mkono wake, aya alizoziandika upya, sehemu alizozifuta na kuzichora tena. Marekani humtaka mwombaji aseme wazi sehemu gani ya kazi imezalishwa na programu, isipokuwa ikiwa ni ndogo mno, na ulinzi huishia kwenye kile alichokiongeza yeye.