Keifebu: siri ya kazi ya mieleka, na namna ya kuitazama mikanda ya zamani

Keifebu ni sheria ya kazi katika mieleka ya kulipwa ya Marekani. Zamani ilimtaka kila aliyehusika na onyesho, awe mwanamieleka, refa, mtangazaji au mpiga kengele, achukulie kila kinachotokea ulingoni kuwa cha kweli, na aendelee hivyo hata taa zikishazimwa. Mshindi amepangwa kabla. Uhasama umetungwa. Lakini hakuna aliyesema. Neno lenyewe ni la mafumbo ya watu wa maonyesho ya kuhamahama, waliokuwa wakizunguka miji na mahema yao, na kwa miongo mingi halikutamkwa mbele ya mtu wa nje. Sisi tungesema funika kombe mwanaharamu apite, isipokuwa kwamba hapa mwanaharamu ndiye aliyelipa kiingilio.

Wengi tuliowaona akina Hogan na Undertaker kwenye mabanda ya video tulishafunga mjadala kwa neno moja: wanaigiza. Anayesema hivyo hajakosea, ila hajaeleza kitu. Kinachopangwa ni nani atashinda, kwa mtindo gani, na matukio mawili matatu makubwa ya katikati. Kisichopangika ni mwili. Sakafu ya ulingo ni mbao zilizolazwa juu ya vyuma, sponji nyembamba, kisha turubai. Ukiangukia mgongo, umeangukia mgongo. Kiti cha chuma ni cha chuma. Damu nayo, mara nyingi, ilikuwa ya mtu kweli: mwanamieleka alificha kipande cha wembe kwenye bandeji ya mkononi, akasubiri kamera imwangalie mwenzake, akajichana paji la uso. Tarehe 28 Juni 1998 kule Pittsburgh, mwanamieleka Mick Foley alirushwa kutoka juu ya kizimba cha chuma, karibu mita tano, akatua juu ya meza ya watangazaji. Kuanguka kulikuwa kwenye mpango. Maumivu yalikuwa ya kwake.

Ili sheria ifanye kazi, lazima wawepo stelingi na adui. Stelingi anafuata kanuni, anapigwa kwa hila, watu wanamwonea huruma. Adui anadanganya refa, anatukana mji wa watu, anakimbia akizidiwa. Hawa wawili hawakuruhusiwa kuonekana wakila meza moja. Walisafiri kwa magari tofauti na kwenye kumbi nyingi walipewa vyumba tofauti vya kubadilishia nguo.

Sheria hiyo ilikuwa na makali kiasi gani? Tarehe 4 Oktoba 1975 ndege ndogo aina ya Cessna ilianguka karibu na Wilmington, North Carolina. Ndani walikuwemo Johnny Valentine na kijana Ric Flair, wote maadui, pamoja na Tim Woods, aliyekuwa stelingi mkubwa wa eneo lile na mpinzani wao. Valentine alipooza na hakupigana tena. Flair alivunjika mgongo. Rubani baadaye alifariki. Woods, akiwa majeruhi hospitalini, alijiandikisha kwa jina lake la kuzaliwa ambalo mashabiki hawakulijua, akasema yeye ni promota. Uvumi ukaanza mjini kwamba Woods alikuwa ndege moja na Valentine. Ili kuuzima, akarudi ulingoni mapema mno kuliko mwili wake ulivyoruhusu. Mtu ametoka kwenye ajali inayoua, na wazo linalomjia ni kwamba watu wakijua alikaa kiti cha jirani na adui yake, wiki ijayo hawatanunua tiketi.

Desemba 1984, mwandishi wa televisheni John Stossel alimwambia mwanamieleka David Schultz, ndani ya jengo la Madison Square Garden, kwamba anaona mieleka ni uongo. Schultz akamzaba makofi mawili mazito. Mwaka 1987 polisi wa New Jersey walilisimamisha gari na kuwakuta humo Jim Duggan, mzalendo wa kupeperusha bendera ya Marekani, na Iron Sheik, Mwirani wa kumzomea, ambao kipindi hichohicho walikuwa mahasimu kwenye televisheni. Wote walifukuzwa kazi. Palikuwa na dawa za kulevya, ndiyo, lakini kilichowaudhi wakubwa kuliko vyote ni maadui wawili kupanda gari moja.

Halafu mwaka 1989 kampuni ya mieleka ya WWF, iliyokuwa chini ya Vince McMahon, yenyewe ikaiambia Seneti ya jimbo la New Jersey kwamba mieleka ni burudani na matokeo yake hupangwa. Haikuwa toba. Ilikuwa njia ya kukwepa kodi na usimamizi wa kamisheni ya michezo ya jimbo.

Kwa hiyo anayetazama leo pambano la mwaka 1985 au 1992 ana kitu ambacho mtazamaji wa wakati ule hakuwa nacho. Anajua mpango ulikuwepo, na mara nyingi anajua hata nani aliumwa, nani alikuwa anahama kampuni, nani hakuelewana na nani. Swali lake linahama kutoka "nani atashinda?" kwenda "kazi hii wameifanyaje?" Ukiangalia kwa makini utaona mengi. Mmoja anapomkaba mwenzake shingo kwapani na nyuso zote mbili zikafichwa kwenye nywele, hapo wanapanga kinachofuata. Refa anayeinama kumuuliza aliyebanwa kama anasalimu amri mara nyingi anampelekea ujumbe, au anamwambia zimebaki dakika ngapi. Ngumi inayotua huku mguu ukigonga sakafu: mlio ule ni wa mguu.

Tuchukue Hulk Hogan na Andre the Giant, WrestleMania III, onyesho kubwa la WWF la kila mwaka, tarehe 29 Machi 1987, kwenye uwanja wa Pontiac Silverdome, Michigan. WWF ilitangaza watazamaji 93,173, idadi ambayo wafuatiliaji wa mieleka wanaibishia mpaka leo. Walitangaza pia kwamba Andre hajashindwa kwa miaka 15 na kwamba hakuna aliyewahi kumnyanyua na kumbwaga. Yote mawili ni fiksi. Hogan mwenyewe alimbwaga Andre mwaka 1980 Shea Stadium, New York, wakati huo Hogan ndiye adui na Andre ndiye kipenzi cha watu. Na mwaka 1986 Antonio Inoki alimfanya Andre asalimu amri huko Japani. Keifebu ya zama zile haikuficha ya ulingoni tu, ilifuta hata kumbukumbu, maana shabiki wa Detroit angejulia wapi ya Japani?

Sasa litazame. Andre anatembea kama mtu aliyebeba gunia. Ndani ya lile vazi jeusi la bega moja amefunga mkanda wa kushikilia mgongo, kwa kuwa alikuwa amefanyiwa upasuaji. Mwanzoni kabisa Hogan anajaribu kumnyanyua, mgongo unamsaliti, Andre anamwangukia na nusura hesabu ya tatu itimie. Baada ya hapo Andre anamkumbatia Hogan na kumbana mbavu, na kukumbatiana huko kunakwenda, kunakwenda, mpaka unatamani kusogeza mkanda mbele. Dave Meltzer, mwandishi mashuhuri kuliko wote wa habari za mieleka, ambaye hutoa nyota kama wakosoaji wa filamu, alilipa pambano hili nyota hasi nne.

Kwa upande wa ufundi siwezi kumbishia. Ila nadhani amelipima kwa kipimo cha pambano jingine. Andre hakuweza kukimbia wala kuruka, akafanya jambo pekee lililobaki: akasimama, akawa mlima, na kila Hogan alichojaribu kikagonga mlima ule. Kisha Hogan anamwangusha kwa mkono, uwanja unalipuka, anamwinua na kumbwaga. Hapa ndipo wa kumwangalia ni Andre. Mtu wa zaidi ya kilo 200 habebeki kama hataki kubebwa. Mgonjwa wa mgongo alijiachia abebwe na kubamizwa chini ili mwenzake awe mfalme. Andre alifariki Januari 1993, na kila nikilirudia pambano hili naona ushindi wa Hogan umefanywa kwa mikono ya aliyeshindwa.

Usiku huohuo Randy Savage na Ricky Steamboat walifanya kinyume chake. Kwa kawaida pambano hutungwa humohumo ulingoni kwa kunong'onezana. Savage alitaka kila hatua iandikwe, akampa Steamboat orodha ndefu, na wakawa wanaulizana kwa namba: hii ikishapita inafuata ipi? Matokeo yake ni takriban robo saa isiyo na hatua iliyopotea, na wengi wanaitaja mpaka leo kama kipeo cha kazi hii. Mimi huona hata kasoro yake: imepigwa pasi mno, haina ile hofu kwamba jambo laweza kwenda kombo. Najua nitapingwa.

Kurudia mikanda kuna upande mwingine usiopendeza, na sisi wa huku unatuhusu moja kwa moja. Kamala, "Jitu la Uganda". Alitoka peku, kiunoni kakaza kitambaa cha madoa ya chui, kavaa kinyago na kushika mkuki, tumboni kachorwa mwezi na kifuani nyota. Ilisemwa kwamba alikuwa mlinzi wa Idi Amin. Alipigapiga tumbo lake, akabwata maneno yasiyo ya lugha yoyote, na katika WWF alionyeshwa hajui hata kumlalia mpinzani ipasavyo: anamgandamiza aliyelala kifudifudi, mpaka mtu wake aliyevaa kofia ya kizungu ya mwindaji amwelekeze kumgeuza.

Jina lake halisi lilikuwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi. Mhusika huyo alitungwa mwaka 1982 Memphis na promota Jerry Jarrett na mwanamieleka Jerry Lawler, na "msitu" wake kwenye video za kumtambulisha ulikuwa shamba la Jarrett huko Tennessee. Mwaka 1982! Amin alishang'olewa tangu Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda yalipoingia Kampala, na wakati huo yuko uhamishoni. Mtu yeyote Bukoba au Masaka angewaambia. Lakini mtunzi hakuihitaji Uganda yenyewe, alihitaji jina ambalo Mmarekani amelisikia kwenye taarifa ya habari likamtisha.

Je, ndiyo tusimtazame? Mimi namtazama, na ninapomkosoa natenganisha mambo mawili. Harris alikuwa fundi. Kwa mtu wa unene ule alijua kuanguka, kujirusha na kuogopa kwa macho tu. Mwangalie anavyolikimbia jeneza la Undertaker mwaka 1992. Alichopewa kukicheza ndicho kibovu, na keifebu ilikifanya kibovu zaidi, kwa kuwa sheria haikumruhusu kusema hadharani kwamba yeye ni mtu wa Mississippi anayejua Kiingereza kama wao. Baada ya kuondoka WWF alirudi kuendesha malori. Kisukari kilimkata miguu yote miwili, akafariki Agosti 2020.

Kuna na hili: mwenye mikanda ndiye mwenye historia. WWF, siku hizi WWE, iliinunua WCW, kampuni iliyokuwa mpinzani wake, mwaka 2001 pamoja na maktaba yake, na mwaka 2021 kumbukumbu zake zilipohamia mtandao wa Peacock nchini Marekani, baadhi ya matukio ya ubaguzi yaliondolewa, likiwemo la mwanamieleka Roddy Piper kujipaka nusu ya mwili rangi nyeusi kwenye WrestleMania ya mwaka 1990. Naelewa sababu. Lakini mkosoaji hawezi kukosoa kilichokatwa, na kampuni inabaki ikionekana safi kuliko ilivyokuwa.

Mahali keifebu ilipopasukia mbele ya kamera ni Montreal, tarehe 9 Novemba 1997. Bret Hart, Mkanada na bingwa, alikuwa anahamia WCW, na hakutaka kumwachia mkanda wa ubingwa mpinzani wake Shawn Michaels mbele ya Wakanada wenzake. Walikubaliana pambano liishie kwa vurugu bila mshindi. Michaels akamkunja miguu kwa mtindo wa Bret mwenyewe, na kabla Bret hajajinasua McMahon, aliyesimama kando ya ulingo, akaamuru kengele ipigwe. Refa Earl Hebner akatoka mbio. Ukirudia, usimwangalie Michaels. Mwangalie Bret sekunde zile chache: uso wa mtu aliyeibiwa tumeuona mara elfu kwenye mieleka, na huu haufanani nao. Anamtemea McMahon mate usoni, kisha anachora hewani kwa kidole herufi W, C, W.

Kilichofuata ndicho kinachowachanganya watu. McMahon, aliyekuwa akijulikana kwa watazamaji kama mtangazaji, akageuzwa kuwa bosi katili wa kwenye televisheni, adui bora kuliko wote wa zama zile, na akaingiza fedha kutokana na usiku ule. Kwa hiyo wapo wanaoshikilia kwamba hata Bret alijua, na kwamba yote yalipangwa. Mimi siamini. Siku zile Bret alikuwa akifuatwa na watengenezaji wa filamu, na alikuwa amevaa kinasa sauti McMahon alipokubali mwisho ule wa vurugu. Mazungumzo yamo kwenye filamu, kila mtu anaweza kuyasikia. Hata hivyo Januari 2010 Bret alirudi, akapeana mkono na Michaels katikati ya ulingo, wakakumbatiana, na ukumbi mzima, uliojua kwamba mieleka hupangwa, ukabaki ukibishana kama kumbatio lile nalo limepangwa.