Imamu Dicko na wanajeshi wa Mali

Wengi wanaoniuliza kuhusu siasa za Mali hudhani kwamba mapinduzi ya Agosti 18, 2020 yalimwongezea nguvu Imamu Mahmoud Dicko, kwa kuwa ndiye aliyeongoza maandamano dhidi ya Rais Ibrahim Boubacar Keïta. Naamini mapinduzi hayo yalimpokonya nguvu aliyokuwa nayo.

Nguvu hiyo ilidhihirika mwaka 2009. Bunge lilipopitisha sheria mpya ya familia, iliyofuta wajibu wa mke kumtii mumewe na kupandisha umri wa msichana kuolewa hadi miaka 18, Baraza Kuu la Kiislamu, ambalo mwenyekiti wake alikuwa Dicko, liliwakusanya maelfu kwa maelfu ya waumini katika uwanja wa michezo jijini Bamako. Rais Amadou Toumani Touré aliirudisha sheria bungeni bila kuitia saini, na ilipopitishwa upya Desemba 2011, utii wa mke ulikuwa umerejeshwa, msichana aliweza kuolewa akiwa na miaka 16, na ndoa ya kidini ilitambuliwa kisheria. Mwanasiasa anayetegemea kura hathubutu kuwapuuza watu wanaofurika misikitini kila Ijumaa. Keïta mwenyewe aliungwa mkono na Dicko katika uchaguzi wa 2013.

Assimi Goïta, aliyekuwa kanali alipoongoza mapinduzi hayo, hakuingia madarakani kwa kura, na mara baada ya mapinduzi Dicko alitangaza kwamba anarudi msikitini. Maimamu walipodai mwaka 2023 kwamba katiba mpya isitamke kuwa dola haifungamani na dini, wakawahimiza waumini kuikataa, watawala hawakutetereka: katiba ilipita katika kura ya maoni ya Juni 18, kifungu kile kikiwamo. Desemba mwaka huohuo Dicko alipokewa na Rais Tebboune wa Algeria, Bamako ikamwita nyumbani balozi wake. Machi 2024 serikali ikalivunja vuguvugu lililokuwa likimuunga mkono imamu huyo.

Linaloniuma ni kwamba Julai 2020 watu walipigwa risasi karibu na msikiti wake, mtaani Badalabougou, wakidai serikali itakayowasikiliza. Baraza Kuu lenyewe bado lipo, chini ya Ousmane Madani Haïdara, mhubiri aliyetofautiana na Dicko kwa miaka mingi na kuchukua nafasi yake mwaka 2019, lakini sasa linazungumza na watawala wasiohitaji kura za waumini wake.