Tony Perkins hakuacha siasa

Nimeulizwa tena, safari hii na mtu anayefuatilia siasa za Marekani kwa karibu: huyu Tony Perkins si yule aliyefeli siasa akakimbilia dini? Hapana, na nimechoka kulijibu hili kwa sentensi mojamoja.

Kwanza, hajawahi kuwa mbunge Washington. Alichaguliwa 1995 kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo la Louisiana, kule Baton Rouge, mji mkuu wa jimbo hilo. Mwaka 2002 akawania useneta wa Marekani, akabwagwa duru ya kwanza. Mwaka uliofuata akakabidhiwa uongozi wa Family Research Council (FRC), asasi ya utetezi ya Wakristo wahafidhina. Watu hukimbilia kushindwa kule, wakairuka 1997.

Mwaka huo aliwasilisha muswada wa ndoa ya agano, yaani aina ya ndoa iliyo ngumu zaidi kuivunja; ulikuwa wa kwanza Marekani nzima kuwa sheria. Wanaoichagua hupata ushauri nasaha kabla ya kuoana. Wakitaka talaka bila kosa kama uzinzi au kipigo, sharti kwanza waishi mbalimbali miaka miwili; ndoa ya kawaida wakati ule ilidai siku 180. Arizona ikaiga 1998, Arkansas 2001. Mike Johnson, aliyechaguliwa Spika kule Washington 2023, yumo katika ndoa ya namna hiyo. Mbunge wa jimbo anayetunga kifungu kikavuka mipaka ya jimbo lake tayari anafanya kazi ya utetezi. Perkins alihama ofisi, kazi akaondoka nayo.

Je, sheria ile ilipunguza talaka? Hapa baadhi ya wachambuzi huongea kwa uhakika ambao mimi sina. Walioichagua ni wachache mno, na wengi ni wacha Mungu ambao pengine wasingeachana hata chini ya sheria ya kawaida. Ukiwalinganisha na majirani zao, unapima sheria au unapima imani? Sijaona jibu linaloniridhisha.

Linaloniudhi zaidi ni lile la "kukimbilia dini". FRC iko Washington, inafuatilia miswada, inawabana wabunge. Kwa kuwa imesamehewa kodi, hairuhusiwi kumpigia debe mgombea; katazo hilo lipo tangu 1954. Ndiyo maana ina chombo dada, FRC Action, chenye uhuru mpana zaidi kisiasa. Anayeongoza vyombo vya aina hiyo amekaa katikati kabisa ya siasa. Mwaka 2018 Perkins aliteuliwa hata kwenye tume ya serikali ya uhuru wa dini duniani, na baadaye akawa mwenyekiti wake.

Halafu 2020 mamlaka ya kodi ikaitambua asasi hiyo kama jumuiya ya makanisa, hadhi inayoiondolea wajibu wa kutoa hadharani taarifa za fedha za kila mwaka. Naliona hilo ni kosa. Perkins ana haki kamili ya kutetea anachokiamini, na mimi ningeitetea haki hiyo mbele ya yeyote. Lakini asasi inayoshinda milangoni mwa wabunge inapaswa kuonyesha vitabu vyake kama asasi nyingine za utetezi, za kushoto na za kulia.