Anayetafuta Miito Afunzwe Kwanza Kusikiliza

Jumapili ya nne ya Pasaka, ile tunayoiita ya Mchungaji Mwema, ikikaribia, simu za wakurugenzi wa miito, yaani wanaowapokea vijana wanaotaka kuwa mapadre au watawa, huko Lang'ata na Karen hazipumziki. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anaulizia fomu. Mama anataka kujua kama kuna karo. Paroko wa Umoja au Kayole anaomba frateri (mwanafunzi wa upadre) mmoja na sista mmoja waje wazungumze na vijana baada ya Misa. Papa Paulo VI ndiye aliyeiweka Jumapili hiyo iwe siku ya kuombea miito ulimwenguni, na iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1964.

Anayepokea simu hizo ndiye ninayetaka tumzungumzie. Katika nyumba za malezi hapa Nairobi tunatumia miaka mingi kumwandaa padre, bruda au sista wa kimisionari. Lakini yule anayekutana na kijana mara ya kwanza huteuliwa wakati mwingine kwa sababu tu bado ana nguvu na anachangamkiwa na vijana. Hilo halitoshi. Yeye ndiye ameshika mlango wa nyumba nzima. Ukishikwa vibaya, walezi wa ndani watahangaika miaka kumi na mtu ambaye hakuitwa huko, na aliyeitwa kweli huenda akapita nje asionekane.

Hatuna uhaba wa wanaobisha hodi. Takwimu za Vatikani zinaonyesha kwamba Wakatoliki wa Afrika walifika milioni 281 mwaka 2023, kutoka milioni 272 mwaka uliotangulia. Huyo ni Mkatoliki mmoja kati ya kila watano duniani. Idadi ya waseminari inashuka katika mabara mengine huku yetu ikizidi kupanda. Tunamshukuru Mungu kwa hilo, lakini wingi huu una mtego wake. Shirika lenye nyumba kubwa na wazee wengi Ulaya linaweza kuanza kuitazama Afrika kama mahali pa kujazia vitanda vilivyoachwa wazi. Kijana wa Mathare au Mukuru naye, aliyemaliza shule akakaa bila kazi, akisikia kuna nyumba yenye chakula, masomo ya chuo kikuu na safari ya ng'ambo, atavutika. Simlaumu hata kidogo. Mungu anaweza kumwita mtu akiwa na njaa, na wengi wetu tuliingia na nia zilizochanganyika. Kinachotakiwa ni mtu wa kukaa naye muda wa kutosha hadi nia hizo zitajwe kwa majina yake bila aibu, na lile la Mungu lianze kujitenga na mengine.

Papa Fransisko alipokutana na mapadre, watawa na waseminari hapa Nairobi mnamo Novemba 2015, aliwaambia kwamba mlango wa kuingilia ni Yesu, na akawaonya wale wanaopenya kwa dirisha. Maneno yale huwa tunayarudia tunapowafunza wakurugenzi wa miito, kwa sababu mara nyingi anayefungua dirisha ni sisi wenyewe.

Kwa hiyo tunaanza na kusikiliza. Mwanafunzi wetu anajifunza kumuuliza kijana maswali yasiyo na jibu la kukariri. Nani nyumbani anakutegemea? Ulipokosana na rafiki yako, mlipatanaje? Huwa unasali lini ukiwa peke yako, na unamwambia Mungu nini? Kijana akijibu kwamba anataka kuokoa roho za watu, msikilizaji hodari hapokei jibu hilo na kuliandika. Anauliza ni roho ya nani aliyoihudumia mwezi uliopita. Anajifunza pia kunyamaza, jambo gumu kwa mhubiri, maana ukimya unampa kijana nafasi ya kusema lile alilokuja kulisema.

Baada ya hapo anatumwa nyumbani kwa kijana. Ziara hiyo haina mbadala. Aketi na wazazi, asalimiane na nyanya, aende kwenye jumuiya ndogondogo ya Wakristo majirani siku ya sala na aulize kijana huyu anajulikanaje hapo. Maaskofu wa AMECEA, muungano wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walizifanya jumuiya hizi kuwa nguzo ya uchungaji wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1970, na kwa wito zina faida kubwa: majirani wanajua nani huja kuchota maji kwa ajili ya mgonjwa na nani huonekana tu siku ya picha. Barua ya paroko ni ya lazima, lakini paroko mwenye Wakristo maelfu hawezi kujua yote. Mama mwenyekiti wa jumuiya anajua.

Kuna mambo ya sheria ambayo hayana mjadala. Cheti cha ubatizo na cha kipaimara, pamoja na uthibitisho kwamba mtu yuko huru, hajaolewa wala hajaoa, vinatakiwa kabla ya unovisi, yaani kipindi cha majaribio kabla ya nadhiri. Aliyewahi kuwa katika seminari au shirika lingine lazima aletewe ushuhuda kutoka kwa mkubwa wa huko. Kipengele hiki hupuuzwa kwa huruma isiyo na busara, kisha tatizo lililoachwa jimbo moja linahamia jingine. Sheria ya Kanisa hairuhusu kumpokea novisi asiyetimiza miaka 17. Chini ya miaka 18 huyo bado ni mtoto kwa sheria za Kenya, na mkurugenzi wa miito anapaswa kuijua Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 kama anavyojua sala zake: hakutani naye peke yao chumbani, hamwandikii ujumbe wa usiku wa manane, hamsafirishi bila wazazi kujua. Tangu mwaka 2019, padre au mtawa anayepata habari ya dhuluma ya kingono dhidi ya mtoto analazimika kisheria kuiripoti kwa wenye mamlaka katika Kanisa. Siku hizi tunalitengea somo hili muda mrefu zaidi kuliko zamani, na sioni tukilipunguza.

Kuhusu mwanasaikolojia, wazazi wengi huogopa wakisikia kijana wao atapimwa. Mwongozo wa Vatikani wa mwaka 2016 juu ya malezi ya mapadre unakubali msaada huo na unaweka mpaka wake: kijana aelezwe waziwazi, akubali kwa hiari yake kabla, na siri zake zilindwe. Anayo haki ya kukataa.

Mwongozo huohuo unataja nyanja nne za malezi, yaani utu, maisha ya kiroho, masomo na uchungaji. Wa kwanza kati ya hizo ndio unaotuchosha na kututia moyo zaidi. Theolojia unaweza kuifundisha kwa ratiba. Kumfundisha mtu kukasirika bila kuvunja, kushika pesa za watu bila kuzigusa, kuishi na upweke bila kuutafutia pombe, hiyo ni kazi ya kila siku na haina mtihani wa mwisho wa muhula.

Miaka yenyewe ni mingi. Baada ya muda wa matayarisho, unovisi hauwezi kupungua miezi 12. Zinafuata nadhiri za muda, kwa kawaida kati ya miaka mitatu na sita, kabla ya zile za daima. Anayeelekea upadre anasoma falsafa na theolojia kwa jumla ya miaka sita kamili, na hapewi daraja ya upadre kabla ya kutimiza miaka 25. Hapa Nairobi masomo hayo yana nyumba zake: Hekima ya Wajesuiti iliyofunguliwa mwaka 1984, Tangaza iliyoanzishwa na mashirika kadhaa kwa pamoja mwaka 1986, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki ambacho Papa Yohane Paulo II alikizindua alipokuja kwenye Kongamano la Ekaristi la Agosti 1985.

Mmisionari anatofautianaje na padre wa jimbo? Mmisionari hutumwa mahali ambapo si kwao. Hilo ndilo gumu, na ndilo ambalo vijana wetu wengi hawajalifikiria wanapojaza fomu. Kwa miaka mingi tulimwona mmisionari kuwa mtu aliyekuja kwetu. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Zanzibar mwaka 1863 na Bagamoyo mwaka 1868, wakafungua misheni ya Mtakatifu Augustino hapa Nairobi mwaka 1899. Wakonsolata, yaani wamisionari wa shirika la Consolata, wakaingia Kenya mwaka 1902. Mmisionari Mwitaliano Daniele Comboni, mwaka 1864, tayari alikuwa ameandika mpango wake wa kuiokoa Afrika kwa Waafrika wenyewe. Mwaka 1968, kule Moroto, Uganda, wamisionari wawili wa shirika la Comboni, Askofu Sixtus Mazzoldi na Padre Giovanni Marengoni, wakaanzisha Mitume wa Yesu, shirika la kimisionari la Waafrika ambalo leo lina makao yake Lang'ata. Mwaka uliofuata Paulo VI akasimama Kampala akawaambia Waafrika kwamba sasa wao ndio wamisionari wao wenyewe.

Basi kijana wa Kiambu anapelekwa Turkana, wa Kisii anapelekwa Sudan Kusini, wa Machakos anapelekwa Amerika ya Kusini. Anakuwa mgeni. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, aliwaagiza wanawe wazungumze lugha ya watu, wale chakula chao, wavae kama wao, na wasiishi pungufu ya watatu katika nyumba moja. Agizo hilo lilitolewa kwa Wazungu waliokuwa wakija Afrika, ila linamhusu vilevile Mwafrika anayehamia kwa Mwafrika mwenzake. Ngozi yetu moja inatudanganya. Frateri anaweza kufika Lodwar akadhani anaelewa kila kitu kwa kuwa ni Kenya, akahubiri Kiswahili miaka mitatu, na mabibi wazee walioketi mbele wasipate neno.

Ndiyo maana Sista Irene Stefani, mtawa wa Consolata, bado ni mwalimu wetu. Aliletwa Kenya mwaka 1915 akiwa kijana, akajifunza Kikuyu, akatembea vilima vya Gikondi kwa miguu, akawaandikia barua watu wasiojua kuandika ili wapate habari za jamaa zao waliokuwa mbali. Watu wakamwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma. Alifariki mwaka 1930 kwa ugonjwa wa tauni aliouambukizwa akimuuguza mgonjwa, na alitangazwa mwenyeheri kule Nyeri mwezi Mei 2015. Barua zile ndizo ninazoomba wanafunzi wazitafakari. Kabla ya kumpa mtu Neno la Mungu, alimwandikia mtu huyo neno lake mwenyewe.

Nairobi inatupa shule ya ugeni bila kupanda ndege. Katika kikanisa kimoja cha nyumba ya malezi wanasali Mkongo, Mhabeshi, Mmalagasi, Mnigeria na Mkenya, na ni lazima wakubaliane juu ya chumvi ya mboga na sauti ya redio. Ukabila hujitokeza hapo mapema, tena huanzia jikoni. Mlezi asiyeuona, au anayeuona akanyamaza, anatuma ugomvi huo parokiani pamoja na frateri. Mwisho wa juma mafrateri hao hutawanyika kwenda Kibera, Kawangware, Korogocho. Anayefikiri anajua Kiswahili hukutana na Sheng ya vijana, na analazimika tena kuketi na kusikiliza.

Kuna suala la fedha, nalo tulizungumze wazi. Mwaka 1889 askofu wa Nagasaki, Japani, alimwandikia Jeanne Bigard na mama yake huko Ufaransa kwamba analazimika kuwarudisha vijana nyumbani kwa kukosa pesa za kuwalea. Wanawake hao wawili wakaanza kuchanga, na kutokana na hilo likazaliwa Shirika la Kipapa la Mtakatifu Petro Mtume ambalo hadi leo husaidia seminari zetu nyingi. Nami naamini wakati umefika kwa jumuiya za Nairobi kubeba sehemu kubwa zaidi. Watoto wetu wa Utoto Mtakatifu, chama cha kimisionari cha watoto, hutoa sarafu zao kila Jumapili kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine. Wazazi wao wanaweza kumlea novisi mmoja wa mtaa wao.

Wazazi wana uzito mkubwa katika jambo hili, na hofu yao ni ya haki. Mtoto wa kwanza wa kiume anaulizwa nani atabaki na boma. Binti anaulizwa juu ya wajukuu. Maurice Otunga, aliyekuwa kardinali wa kwanza wa Kenya mwaka 1973, alikuwa mwana wa Chifu Sudi Namachanja na angeweza kurithi kiti. Aliuacha urithi huo akapadrishwa Roma mwaka 1950. Familia kama hiyo haishawishiwi na kijitabu cha rangi. Inahitaji mtu wa kuketi nayo.

Mzazi, una haki ya kumuuliza anayekuja kwa jina la shirika: Je, askofu wa jimbo hili anawatambua? Mwanangu ataishi wapi mwaka wa kwanza, na nani mlezi wake? Akiugua, nani atalipa? Nikimtembelea nitamwona? Anayeomba pesa ya "kuharakisha fomu" mfungie mlango na umjulishe paroko.

Uliza pia itakuwaje akitaka kurudi. Novisi yuko huru kuondoka wakati wowote, na mwenye nadhiri za muda yuko huru muda wake ukiisha. Wengi hurudi, na huenda kurudi huko kukawa jibu sahihi la sala zao. Lakini nimeona vijana wakikaa nyumba ambayo haiwafai kwa sababu wanaogopa macho ya mtaa. Akirudi, apikiwe chai, aulizwe anahitaji nini, asaidiwe kutafuta masomo au kazi. Parokia nayo imwite: amesoma Maandiko, amehudumia wagonjwa, amejua kuishi na watu wa makabila mengine. Darasa la wakatekumeni, wanaojiandaa kubatizwa, linamhitaji.